Urejesho wa maisha yaliyotangulia au tiba ya mazungumzo: uchague ipi kwa maumivu ya leo?

Chukua hofu ya maji. Mtu hajawahi kuzama wala kumshuhudia aliyezama, lakini akikaribia bwawa magoti yanalegea na moyo unakwenda mbio. Akienda kwa mwongozaji wa urejesho, yaani anayedai kumrudisha mtu kwenye maisha aliyoishi kabla ya kuzaliwa haya ya sasa, atalazwa kwenye kochi, atatulizwa kwa hipnosisi (utulivu mzito ambamo akili hupokea maelekezo kwa urahisi), na baada ya muda huenda akajiona baharia anayemezwa na mawimbi karne tatu zilizopita. Akienda kwa mtaalamu wa tiba ya tabia, ataanza na beseni la maji, na mwisho wa kikao huenda akawa amesimama bwawani maji yakimfika kiunoni. Wa kwanza anatoka na maelezo. Wa pili anatoka amelowa.

Wote wawili wanaweza kuondoka na tabasamu, ndiyo maana kuchagua kwa kuangalia nyuso za waliotoka hakusaidii. Cha kutazama ni hofu yenyewe wiki ya sita, na ni kitu gani kingine kimeingia kichwani njiani.

Urejesho unavyofanyika

Kwa kawaida kikao huchukua saa mbili hadi tatu, na watu wengi hufanya kimoja tu, au viwili vitatu. Sehemu ya kwanza ni mahojiano: tatizo ni lipi, lilianza lini, ndoto gani inajirudia, ni nchi au zama gani zinakuvuta bila sababu. Swali hilo la mwisho huonekana la kirafiki tu, lakini ndilo linalopanda mbegu ya kitakachoonekana baadaye.

Kisha huja utulizaji. Unakazia macho nukta moja au unayafumba, unalegeza misuli kuanzia unyayo hadi utosini, hesabu inashuka kutoka kumi hadi moja. Hizo ni dakika 15 hadi 30. Baada yake unapewa taswira ya kuvukia: ngazi, daraja, ukumbi mrefu wenye milango, au ukungu unaotawanyika. Ukishavuka, mara nyingi swali la kwanza ni hili: "Tazama miguu yako. Umevaa nini?" Kutoka miguuni unapanda kwenye mavazi, mikono, watu walio karibu, chakula kilicho mbele yako. Unaombwa usogee hadi kwenye tukio zito, kisha hadi siku ya kufa, kisha juu ya ule mwili, na hapo unaulizwa maisha yale yalikuwa na funzo gani na ni nani kati ya uliowaona unayemfahamu leo. Mwishoni mwongozaji anahesabu moja hadi tano, unafumbua macho, mnazungumza.

Mbinu hii si ngeni. Albert de Rochas alikuwa akiifanya Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini aliyeipeleka kwa umma mpana ni Brian Weiss, daktari wa magonjwa ya akili wa Miami, kupitia kitabu chake cha 1988. Cheo chake cha udaktari kiliwafanya wengi waamini kwamba mbinu nayo imepimwa kama dawa zinavyopimwa. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Upande wa pili si kitu kimoja

Kosa la kawaida katika ulinganisho huu ni kuuweka urejesho upande mmoja na "kuongea na mshauri" upande mwingine, kana kwamba kuongea kote ni kumoja. Tiba zilizopimwa hutofautiana kwa tatizo, na kila moja ina hatua zake.

Tiba ya utambuzi na tabia, iliyoanzia katika kazi ya Aaron Beck miaka ya 1960, huendeshwa mara moja kwa wiki, dakika 50 hivi, mara nyingi vikao 8 hadi 16. Kuna kazi ya nyumbani kila wiki: kuandika wazo lililokuja, kulipima, kulijaribu kwa vitendo. Kwa kiwewe cha tukio zito zipo njia mahsusi. Tiba ya kukabili kwa kina huchukua vikao 8 hadi 15 vya dakika 90. Mtu husimulia tukio lenyewe kwa sauti, tena na tena, na kurudi taratibu kwenye mahali anapopakwepa. Tiba ya kuchakata mawazo ya kiwewe hupangwa katika vikao 12. Ipo pia EMDR, iliyobuniwa na Francine Shapiro mwishoni mwa miaka ya 1980, ambapo mtu hufuata kwa macho mkono wa mtaalamu huku akiishika kumbukumbu akilini. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2013 lilipendekeza EMDR pamoja na tiba ya utambuzi na tabia inayolenga kiwewe.

Kwa hofu ya kitu kimoja, kama maji, buibui, kimo au sindano, Lars-Göran Öst wa Sweden alionyesha kwamba kikao kimoja kirefu cha hadi saa tatu kinaweza kutosha. Watu wanaovutiwa na urejesho kwa sababu "unamaliza kazi kwa siku moja" hawajui kwamba hata upande wa pili una tiba ya siku moja, na hiyo imepimwa.

Pale wataalamu walipo wachache, Shirika la Afya Duniani lilitengeneza mpango wa vikao vitano vya dakika 90 uitwao Problem Management Plus, unaotolewa na wasaidizi waliofunzwa na kusimamiwa, hata kama si wanasaikolojia. Ndani yake mna kupumua polepole, kupanga tatizo moja na kulitatua, kurudia shughuli zilizoachwa na kuimarisha watu wa kukuegemeza. Hakuna cha kushangaza humo, na hilo ni sehemu ya nguvu yake.

| | Urejesho | Tiba zilizopimwa |
|---|---|---|
| Muda | Kikao 1 hadi 3, saa 2 hadi 3 kila kimoja | Kuanzia kikao 1 (hofu mahsusi) hadi 16, mara nyingi kila wiki |
| Kazi kati ya vikao | Kidogo au hakuna | Nyingi, na ndiyo inayobeba nafuu |
| Ushahidi | Simulizi za wateja; majaribio ya kulinganisha hayajauthibitisha kuwa tiba | Majaribio mengi, na yanarudiwa |
| Mafunzo ya mtoaji | Sehemu nyingi kozi fupi inatosha kujitangaza | Mafunzo ya miaka, au mafupi chini ya usimamizi |
| Inavyohisiwa siku ile | Ya ajabu, yenye hisia kali, mara nyingi ya kupendeza | Ya kuchosha, wakati mwingine ya kuogofya |
| Hatari kuu | Kumbukumbu zisizo za kweli. Kuchelewa kutibiwa | Kuacha katikati. Mtaalamu asiyekufaa |

Picha zile hutoka wapi

Anayetoka kwenye kikao akisema "niliona" hasemi uongo. Aliona. Kinachobishaniwa ni chanzo cha alichokiona.

Hipnosisi hulegeza ukaguzi ambao kwa kawaida akili huufanya kabla ya kukubali picha kuwa kumbukumbu. Haifungui kabati lililofungwa. Chama cha Madaktari cha Marekani kilitoa ripoti mwaka 1985 kikieleza kwamba kumbukumbu zinazopatikana chini ya hipnosisi si sahihi zaidi kuliko za kawaida na huweza hata kuwa na uaminifu mdogo kuliko hizo, huku mwenyewe akizidi kuwa na uhakika nazo. Huo mchanganyiko, usahihi uleule au pungufu na uhakika uliopanda, ndio unaofanya ushuhuda wa urejesho uwe na nguvu mbele ya msikilizaji.

Nicholas Spanos wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, alichapisha mwaka 1991 mfululizo wa majaribio juu ya jambo hili hasa. Wahusika walipoambiwa mapema maisha ya awali huwa ya namna gani, simulizi zao zilifuata maelezo hayo. Walioelezwa kwamba watoto wa zama zile waliteswa sana walisimulia mateso zaidi ya wasioelezwa. Walipoulizwa mambo ya zama zao yanayoweza kukaguliwa, kama nani alikuwa mtawala au kama nchi ilikuwa vitani, walikosea mara nyingi. Na waliosadiki zaidi kwamba kile walichoona kilikuwa halisi ni wale walioingia tayari wakiamini.

Kisa maarufu zaidi kinafundisha jambo jingine. Mwaka 1952 huko Colorado, Morey Bernstein alimweka mwanamke mmoja katika hipnosisi, naye akasimulia kwa lafudhi ya Kiayalandi maisha ya karne ya 19 akiitwa Bridey Murphy. Marekani nzima ilisisimka. Rekodi za Ireland hazikuonyesha kuzaliwa wala kufa kwa mtu huyo, na waandishi wa gazeti moja la Chicago wakagundua kwamba utotoni mwanamke yule aliishi mkabala na nyumba ya mama wa Kiayalandi ambaye jina lake la ujanani lilikuwa Bridie Murphy. Si lazima mtu awe amedanganya. Ubongo huhifadhi kitu na kupoteza lebo ya mahali ulipokitoa. Sauti ya jirani, picha ya kitabu cha shule, filamu iliyoangaliwa nusu usingizini: vyote hubaki, jina la chanzo likifutika. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba wanaodai kumbukumbu za maisha ya awali walikuwa wepesi zaidi kuyadhania majina ya kawaida waliyoyasoma kabla kuwa ya watu mashuhuri. Jina lilibaki, chanzo kilipotea.

Na huhitaji hata hipnosisi. Elizabeth Loftus alionyesha katikati ya miaka ya 1990 kwamba takriban robo ya watu wazima aliowajaribu walikubali, wote au kwa sehemu, kumbukumbu ya kupotea dukani wakiwa watoto, tukio ambalo halikuwahi kutokea.

Je, hayo yanakanusha kwamba roho huzaliwa tena? Hapana, na anayekuambia yanakanusha anavuka mpaka wa ushahidi wake. Mamilioni ya Wahindu na Wabudha huishi na imani hiyo bila kulala kwenye kochi la mwongozaji yeyote. Ian Stevenson wa Chuo Kikuu cha Virginia, aliyetumia miongo kukusanya visa vya watoto wanaozungumzia maisha mengine na aliyeipa imani hiyo uzito kuliko wanasayansi wengi, hakuuamini urejesho wa hipnosisi kama njia ya kuyafikia maisha hayo. Imani ni jambo moja, kifaa ni jingine.

Kwa nini wengi hupata nafuu hata hivyo

Nafuu ni ya kweli, na inastahili kuelezwa kwa heshima. Kwanza, mtu amepewa saa tatu za kusikilizwa bila kukatizwa. Kwa wengi hiyo ni mara ya kwanza maishani. Pili, mwili umetulizwa kwa muda mrefu, na mwili uliotulia huweza kubadilisha hali ya moyo kwa muda. Tatu, amelia kwa jambo asiloweza kulilia akiwa na jina lake mwenyewe: ni rahisi kumlilia mjane wa miaka 300 iliyopita kuliko kujililia. Nne, maumivu yasiyo na sababu yamepata sababu, na binadamu huvumilia zaidi kinachoelezeka.

Kisha kuna jambo la hesabu ambalo hakuna anayelipenda. Watu hutafuta msaada siku wakiwa wamezidiwa kabisa. Hali ya moyo hupanda na kushuka. Ukiipima ikiwa chini kabisa, kuna uwezekano mkubwa kwamba wiki tatu baadaye itakuwa juu kidogo, umefanya kitu au hukufanya. Ndiyo maana majaribio ya kweli huwa na kundi la kulinganisha, na ndiyo maana ushuhuda wa mtu mmoja, hata ukiwa wa dhati, haupimi tiba.

Rudi kwa mwenye hofu ya maji. Hofu hudumu kwa sababu ya kukwepa: kila akigeuka asifike bwawani anapata unafuu wa papo hapo, na unafuu huo unaufundisha mwili kwamba bwawa lilikuwa hatari kweli. Maelezo mapya, yawe ya baharia au ya utoto, hayaugusi mzunguko huo. Ila maelezo yakimpa ujasiri wa kuingia majini wikendi ile, hofu itashuka, na sifa zote zitamwendea baharia wakati kazi imefanywa na maji.

Mambo yanayoharibika

Upande wa urejesho, hatua hatari zaidi ni lile swali la "nani unayemfahamu leo". Mtu akirudi nyumbani akiamini kwamba mumewe ndiye aliyemchinja karne ya 15, ndoa inahukumiwa kwa kesi isiyo na ushahidi wala utetezi. Maamuzi makubwa, kama talaka, kuvunja udugu au kuacha kazi, yamewahi kuegemezwa kwenye picha za namna hiyo. Hata hivyo urejesho wa maisha mengine huwashutumu hasa marehemu wasiojulikana. Mbinu ileile ikielekezwa utotoni, kutafuta "tukio lililofichwa", huwashutumu walio hai, na mabishano makali ya miaka ya 1980 na 1990 kuhusu kumbukumbu zilizoibuliwa yaliacha familia zilizosambaratika. Mwongozaji akikuambia hamkupata kitu maisha yaliyopita, kwa hiyo sasa mrudi utotoni, simama na uondoke.

Pili ni lawama. Mteja aliyeteswa anaambiwa, hata kwa upole, kwamba alichagua mateso hayo kabla ya kuzaliwa ili ajifunze, au kwamba analipa deni. Wengine huona faraja humo. Aliyebakwa au aliyefiwa na mtoto mara nyingi huongezewa aibu juu ya jeraha.

Tatu ni mafuriko. Katikati ya kikao mtu anaanza kutetemeka, kupumua kwa kasi, kupoteza habari ya mahali alipo. Mwongozaji mwenye mafunzo anamrudisha: anamfumbua macho, anamwomba ataje vitu vitano anavyoviona, miguu ikanyage sakafu, anywe maji, haondoki hadi awe sawa. Asiye na mafunzo anamsukuma mbele akidhani hiyo ndiyo "kutoa". Mwenye kiwewe halisi cha maisha haya anaweza kutoka hapo akiwa na jinamizi jipya juu ya lile la zamani.

Nne, na ambayo huonekana kwa kuchelewa: muda. Sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ikiachwa miezi sita huku mtu akihama kutoka maisha ya mtawa kwenda ya askari inaweza kuzama zaidi. Kuna wanaoacha dawa ghafla kwa sababu "chanzo kimepatikana". Dawa za sonona huhitaji wiki 4 hadi 6 kufanya kazi kikamilifu, huendelezwa angalau miezi 6 baada ya kupona, na hupunguzwa taratibu chini ya daktari.

Upande wa pili nao una mapungufu. Watu wengi huacha katikati, hasa tiba ya kukabili, kwa kuwa vikao vya mwanzo vinaweza kuamsha dalili kabla ya kuzishusha. Wapo wanaojiita wataalamu wa tiba ya utambuzi na tabia ilhali wanachofanya ni kutoa mawaidha kwa dakika 50. Dalili ya kwanza ni hii: kikao cha tatu kimefika na bado hakuna lengo lililoandikwa, hakuna kazi ya nyumbani, hakuna kipimo. Na wapo wanaocheka mteja akitaja maisha ya awali. Mtaalamu mzuri hacheki. Anauliza picha hiyo ina maana gani kwako, kisha anaitumia.

Chagua kwa tatizo, si kwa mvuto

Hofu ya kitu kimoja: tiba ya kukabili, bila kusitasita. Ni nadra kupata tatizo la hisia lenye jibu fupi na imara hivi.

Mashambulio ya hofu, yale yanayopanda hadi kileleni ndani ya dakika kumi hivi huku mtu akidhani anakufa: kwanza daktari aangalie moyo na tezi ya shingo, kisha tiba ya utambuzi na tabia yenye mazoezi ya mwili. Utaombwa upumue kwa kasi dakika moja, uzunguke kwenye kiti, ukimbie mahali ulipo, hadi mwili ujifunze kwamba kizunguzungu si kifo. Kumtafutia shambulio la hofu mzizi wa kale huongeza jambo moja zaidi la kuogopa.

Kiwewe cha tukio unalolijua: mojawapo ya tiba zilizotajwa juu. Hapa urejesho si mbadala dhaifu tu, ni hatari. Una jeraha lenye tarehe na mahali. Kuliacha ukatafute lingine lisilo na tarehe ni namna ya ustadi ya kukwepa, na kukwepa ndiko kunakolisha kiwewe.

Sonona: kuanzia na ratiba ya shughuli. Kwa wiki moja unaandika ulichofanya kila saa na alama ya hali ya moyo 0 hadi 10. Wiki inayofuata unapanga yale yaliyopandisha alama, hata kama huna hamu. Ikiwa nzito, ongeza dawa. Ukiwa na mawazo ya kujiua, ulinganisho huu si wako leo: nenda hospitali iliyo karibu, na usibaki peke yako.

Jinamizi linalojirudia: hapa wengi hudhani urejesho ndio pekee unaozungumza lugha ya ndoto. Lakini ipo mbinu rahisi ya kurudia taswira. Andika ndoto mchana, badilisha sehemu yoyote upendavyo, kisha uisome na kuiona ndoto mpya akilini dakika 10 hadi 20 kila siku kwa wiki kadhaa. Huhitaji kujua ndoto ya kwanza ilitoka wapi.

Kuna pia yale yasiyo ugonjwa: kuhisi maisha hayana kina, huzuni ya umri, swali la kifo. Humo mtu mwenye afya ya akili akiuchukua kama safari ya taswira, kama anavyosikiliza hadithi nzuri, huenda akapata kitu. Kwa ambaye dini yake haikubali roho kurudi katika mwili mwingine, apime mapema: wengine hutoka na tatizo lile la mwanzo pamoja na mgogoro mpya wa imani.

Njia ya katikati ambayo wachache huisikia

Kinachovutia katika urejesho ni kwamba unaingia kwenye tukio kwa mwili na hisia badala ya kulijadili kwa mbali. Hilo lipo pia katika tiba iliyopimwa iitwayo kuandika upya taswira. Unafumba macho, unaingia kwenye kumbukumbu inayouma, unaisimulia kwa wakati uliopo: naona, nasikia, nahisi. Kabla ya sehemu mbaya zaidi, wewe wa leo, mtu mzima, unaingia ndani ya picha na kufanya kilichohitajika: unamzuia anayepiga, unamtoa mtoto mlangoni, unamfunika blanketi. Mnairudia mara kadhaa hadi mwisho mpya uzoeleke.

Tofauti na urejesho ni moja, na ni kubwa: kila mtu chumbani anajua kwamba mwisho ule umebuniwa. Hakuna anayetoka akidai umetokea. Unapata machozi, picha na mwili uliotulia, bila kuondoka na ukweli wa uongo. Hata mwenye picha ya baharia anaweza kufanya kazi hii, baharia akichukuliwa kama picha ya hofu yake na si cheti cha kuzaliwa. Kwa anayevutwa na urejesho lakini ana tatizo linalohitaji tiba, tungemwelekeza hapa kwanza.

Na tusiitupe hipnosisi yenyewe. Kutuliza maumivu na kupunguza ugonjwa wa utumbo unaosumbua bila jeraha ni matumizi yenye ushahidi. Mwongozo wa afya wa Uingereza huitaja kwa wagonjwa wa utumbo ambao dawa hazijawasaidia kwa miezi 12. Tatizo huanza inapogeuzwa jembe la kuchimbia kumbukumbu.

Ukiamua kurejeshwa, masharti

Usiende ikiwa umewahi kusikia sauti au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni, una ugonjwa wa akili kama skizofrenia au bipola, hupoteza vipande vya muda bila kujua ulifanya nini, au uko katikati ya kiwewe kibichi. Mwenye kifafa azungumze na daktari wake kwanza. Mtoto asipelekwe. Na ikiwa wewe ni shahidi au mlalamikaji katika kesi, usiingie hipnosisi kabisa kuhusu jambo hilo: mahakama nyingi za Marekani, kwa mfano, huzuia au huwekea mipaka ushahidi wa mtu aliyehojiwa akiwa katika hali hiyo.

Muulize mwongozaji maswali manne kabla ya kulipa. Ana leseni gani ya afya ya akili, nje ya cheti cha hipnosisi? Atafanya nini ukianza kupoteza habari ya mahali ulipo? Anasemaje kuhusu uwezekano kwamba picha ni za kubuni? Anayejibu "haiwezekani, hipnosisi haidanganyi" umeshamjua. Na je, unaweza kurekodi kikao? Sikiliza baadaye namna anavyouliza. "Unaona nini?" ni swali wazi. "Nani anakuumiza?" limekwisha kuamua kwamba kuna anayeumiza.

Kabla ya kikao, andika kwenye karatasi filamu, vitabu, safari na hadithi za wazee zinazohusu zama au nchi zinazokuvuta, weka tarehe, ikunje. Ifungue baada ya kikao. Huenda ukakuta nusu ya baharia wako imelala humo. Na jiwekee mwiko: hakuna uamuzi wowote kuhusu mtu aliye hai kutokana na kikao, kwa angalau miezi mitatu.

Pima, upande wowote uliochagua

Chagua kitu kimoja cha kuhesabika: mara ngapi wiki hii umekwepa maji, usiku mangapi umeamka na jinamizi, mashambulio mangapi ya hofu. Ongeza dodoso. PHQ-9 ya sonona ina maswali tisa na jumla ya 0 hadi 27. Alama 10 na kuendelea humaanisha ni wakati wa kumwona mtaalamu, na jibu lolote zaidi ya sifuri kwenye swali la tisa, la kujidhuru, linahitaji mazungumzo siku hiyohiyo. GAD-7 ya wasiwasi ina maswali saba, 0 hadi 21. Jaza wiki moja kabla ya kuanza, siku ya kuanza, wiki ya pili na wiki ya sita. Kipimo cha wiki moja kabla husaidia kuona kama alama zilikuwa tayari zinashuka zenyewe.

Usijaze saa moja baada ya urejesho. Siku hiyo kila mtu ni mwepesi. Kwa PHQ-9, kushuka kwa alama 5 ni mabadiliko yenye maana, na kufika chini ya 5 ni karibu na kupona. Ikiwa wiki ya sita namba ni ileile, usinunue kikao kingine cha kutafuta maisha ya ndani zaidi. Badili njia. Ikiwa ulikuwa kwenye tiba ya mazungumzo na namba haijasogea, mwonyeshe mtaalamu karatasi hiyo na umwulize atabadilisha nini kuanzia kikao kijacho.